Kuhe Aliyebaki Kalemie

Kutoka kiwanja cha ndege cha Kalemie hadi kile cha Kongolo, ndege ndogo haimalizi saa moja. Gari moshi huchukua siku kadhaa, likipenda kufika. Miaka yote nilikwenda ukweni kwa reli, na samaki niliowabeba walikuwa wakavu, maana mbichi asingefika hata nusu ya njia. Basi nilipopata nafasi ya kupanda ndege, mdomo wangu ukanitangulia. Nilimpigia simu mama mkwe, aliyekuwa mgonjwa kitandani.

"Mama, safari hii nitakuletea kuhe mubichi. Ndege iko mbio, hataharibike."

Yeye alizaliwa Zongwe, ufukweni, akaolewa Kongolo. Tangu macho yake yapotee, na hamu ya kula imwishe, alikuwa akimtaja kuhe peke yake, yule samaki mnene wa ziwa letu.

"Nitamungojea," alisema. "Kingine hakipite mu koo."

Asubuhi ya safari nilinunua kuhe ufukweni, nikamsafisha kwa mikono yangu, nikamfunga kwa majani ya migomba. Kiwanjani, jamaa wa mizani alinipima pamoja na mizigo yangu. Tangu niingie kazi ya ofisini nimeota kitambi, na mizani haimwonei mtu haya.

"Papa, kilo zimepita. Valizi ao samaki, moja ibakie."

Ndani ya valizi mlikuwa na koti, suruali za kubadilisha na viatu vya ngozi. Nilitaka ukweni wanione nimefanikiwa. Nilimpa yeye samaki, nikamwambia akapike nyumbani kwake. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akili ilinirudia tukiwa angani. Kwenye gari moshi ningepata muda wa kutunga maneno na kuyapanga vizuri. Huku sikuwa nimemaliza kujifuta jasho, tayari mto Lualaba, ule unaopita Kongolo, uko chini yetu.

Nyumbani, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa ameshasonga bukari, ugali wa kwetu. Mboga ya kuulia hakuna. Mgeni wa kutoka ziwani ndiye anayekuja na mboga, hivyo ndivyo wanavyojua wao, na safari hii nilikuwa nimeahidi mwenyewe. Alitazama valizi, akatazama mkono wangu mwingine mtupu, akaenda kuifunika bukari. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwao mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Nilisimama mlangoni kwa mama, nimeinamisha kichwa, nikasema ndege imekataa samaki. Hata pale niliisingizia ndege.

Mama alinyoosha mkono kuelekea sauti yangu.

"Leta mukono, Papa."

Shemeji alishtuka, nami pia. Nilisogea. Alikishika kiganja changu, akakipeleka puani, akavuta pumzi taratibu. Asubuhi nilikuwa nimenawa harakaharaka tu, na safari ilikuwa fupi mno kwa harufu kuisha.

"Ndio yeye," alisema. "Ndio kuhe ya kwetu."

Akaomba bukari. Alikula tonge moja tupu, kisha la pili, huku mkono wake mwingine ukiwa umekishikilia kiganja changu karibu na uso wake. Nililia, na sikuthubutu kuutoa mkono nijifute.