Kiganja cha Bi Okuda

Saa kumi na nusu jioni, Ijumaa. Kwenye zahanati ndogo ya mifupa mkoani Akita, Japani, Chizuru Okuda anachungulia kiganja chake. Ameandika humo kwa kalamu: UGUA POLE. Ndivyo mgonjwa anavyoagwa hapa. Basi, hakuna kingine.

Tatizo ni mdomo wake. Miaka ishirini na miwili alikuwa keshia wa supamaketi, na kila mteja alimuaga vilevile: "Asante sana, karibu tena!" Supamaketi ikafungwa, akapata kazi hii ya mapokezi. Yeni 1,050 kwa saa, miezi mitatu ya majaribio. Leo ndiyo inaisha.

"Wiki ya kwanza tu nikamkaribisha tena mzee aliyevunjika mguu," anasema, anacheka mpaka barakoa inashuka. "Akaniuliza, 'Nije tena nivunje na huu mwingine?'"

Mwezi uliopita karudia, kwa mama aliyefungwa bandeji shingoni. Muuguzi mkuu, Bi Tomoe Narita, akamvuta pembeni: "Okuda, ya tatu sitaki kuisikia."

Mgonjwa wa mwisho leo ni Bibi Fumi, miaka 88, magoti. Anapokea chenji, anashika mkongojo wake. Okuda anainama kumuaga, yaani kiganja anakiona kabisa, lakini mdomo unajiendea wenyewe.

"Asante sana, karibu tena!"

Bibi Fumi anamgeukia, mkongojo mkononi.

"Nitakuja, mwanangu," anajibu Bibi Fumi. "Kwingine kote naambiwa niugue pole, kama vile magoti haya yatapona! Wewe peke yako ndiye unayenitaka."

Bi Narita kainamia mafaili. Na barakoa ile, huwezi kujua kanuna au vipi.

Saa kumi na moja. Okuda anabeba mkoba, anainama mlangoni. "Samahani jamani, natangulia."

Sasa hapo ndipo penyewe. Akijibiwa "asante kwa muda wote uliokuwa nasi", kazi imekwisha. Hakuna atakayemwambia amefukuzwa, atajua kwa namna anavyoagwa.

"Pole na kazi," anajibu Bi Narita bila kuinua kichwa. Halafu mabega yanaanza kumtikisika kwa kicheko. "Jumatatu uwahi, mlango unaufungua wewe. Na hicho kiganja ukioshe!"

Nje, kwenye theluji, Okuda anatembea kama anataka kucheza ngoma. Mshahara wake wa kwanza wa ajira ya kudumu ameshaupangia: atampeleka mumewe kwenye chemchemi za maji moto, walale usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni.

"Tukiondoka wahudumu watasimama mlangoni, waniambie mimi 'karibu tena'," anasema. "Naomba Mungu tu nisije nikawajibu 'ugueni pole'."