Mtamba Aliyerudishwa Nyumbani

Mwanamke ninayemlipa anisikilize ana ofisi ndogo Mwanza, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza nilimuuliza bei kabla sijakaa. Aliponitajia nikacheka kicheko kibaya, nikamwambia kwa hela hiyo kwetu Bariadi unapata mbuzi mwenye afya na nauli inabaki. Hakukasirika. Akaniuliza ningeweza kutoa kiasi gani bila nyumbani kulala njaa. Nikataja nusu. Akakubali, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaangua kilio hapo hapo, maana nilimkumbuka nesi mmoja na ng'ombe mmoja.

Mama yangu aliacha kuongea mwaka aliomzika mdogo wetu wa mwisho. Msibani hakulia. Baada ya arobaini akawa anakaa kizingitini tangu asubuhi, mikono mapajani. Ukimwamkia, "Mwangaluka, mayu," anakutazama tu. Tulikuwa tunamwosha na kumlisha sisi, mimi na dada yangu. Nilikuwa darasa la saba, na kila nikitoka shule nilikuwa naomba Mungu nimkute akinigombeza. Sikuwa nataka kitu kingine duniani.

Baba alimpeleka kwanza kwa mganga, huko Kimali. Sitaki mtu anicheke kwa hilo. Yule mzee alikuwa mwaminifu kuliko wengi waliovaa makoti meupe. Alichukua kuku wa kuanzia kazi, basi. Ng'ombe wa shukrani kwetu hutolewa mgonjwa akishapona, na mganga akimpokea, ndiyo mwisho, ugonjwa umefungwa. Lakini kuna upande wa pili, na kila mtu kijijini aliujua. Ukipeleka ng'ombe mganga akamkataa, amekwisha kuona kitu. Jirani yetu mmoja alirudishiwa wake, na watu hawakusubiri kuambiwa. Wanawake walianza kutwanga mahindi ya msiba mgonjwa akiwa bado anakunywa uji. Mama alikaa Kimali miezi miwili, hakupona, mzee akasema mchukueni, sina ninachowadai.

Ikabaki hospitali ya Bariadi. Miaka hiyo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na kila kitu kilikuwa kinageuka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na mizani zao, na hospitali, ambayo tangu nizaliwe ilikuwa haidai kitu, ilianza kutuambia tuchangie. Unachangia cheti, unachangia sindano, unachangia daftari. Baba alipiga hesabu yake mwenyewe: kama kidonda cha mguu ni hela ile, kichwa kizima kitakuwa bei gani? Kwa hesabu hiyo tu mama alikaa kizingitini msimu mzima zaidi. Pamba ilipouzwa ndipo tukaenda.

Nesi wa wagonjwa wa akili alikuwa mgeni, mtu wa Kilimanjaro, na chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo. Baba alikuwa anajua Kiswahili cha mnadani tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nesi alikaa karibu na mama, akamshika mkono, akaanza, kwa kupitia mimi, kumuuliza habari za mtoto aliyekufa. Habari za mtoto! Sisi nyumbani hata jina lake tulikuwa tumeliacha. Baba akaninong'oneza nimuulize maneno hayo yanauzwaje, kwa siku au kwa mwezi. Nesi akasema wagonjwa wa namna hii wana msamaha, hawalipi.

"Bure?" baba akasema nje. "Mtu anakutibu bure amekupa nini?" Hakulala vizuri kwa neno hilo.

Tukawa tunakwenda kila Alhamisi, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alhamisi ya nne, tumerudi, dada anapika, mama akageuza shingo pale kizingitini akauliza, "Chumvi umetia?"

Loo! Dada alidondosha mwiko. Baba alitoka zizini anakimbia, akamuuliza, "Umesemaje?" Mama akarudia kwa hasira, kama mtu anayesumbuliwa. Tulicheka na kulia pamoja, na mboga ikaungua.

Alhamisi iliyofuata baba alimfunga kamba mtamba wetu mzuri kuliko wote, mwekundu, hajazaa bado, na tukaingia naye mjini, mama nyuma yetu. Mlinzi wa getini alipiga kelele hadi akachoka. Baba alisimama mbele ya dirisha la nesi, kofia mkononi, uso unang'aa. Watu walijaa. Na kati yao walikuwepo wasichana wa sekondari, sketi za bluu, wanajishika mbavu kwa kucheka. Shule ile ile niliyokuwa naiota. Nilitamani ardhi inimeze.

Nesi akatoka. Kwanza akacheka, baadaye akaona baba hatanii. Akaniambia, nakumbuka kila neno: "Mwambie baba asante sana, lakini siwezi kumpokea. Mama bado hajapona, ndiyo kwanza ameanza. Mimi nalipwa mshahara. Ng'ombe mrudisheni nyumbani, mama mleteni Alhamisi, na nyingine, hata mwaka mzima. Hamtadaiwa kitu."

Baba akanigeukia. "Anasemaje?"

Wasichana wale walikuwa bado wanacheka. Nikasema, "Amemkataa. Anasema mama hajapona. Twende."

Nilijua. Msiniambie nilikuwa mtoto. Niliiona rangi ya uso wa baba ikibadilika, nikajua amesikia nini, na bado nikashika kamba nikatangulia. Nilidhani nitamweleza njiani. Njiani alikuwa analia, na sikuwahi kumwona baba analia. Nikasema kesho. Kesho nikaona nitapigwa. Alhamisi ilipofika hakuna aliyeitaja, baba akaenda shambani, mama akakaa kizingitini akisubiri kuondoka, kanga amejifunga vizuri. Alisubiri hadi jua likawa kali. Hakusema kitu tena, si siku hiyo wala siku nyingine. Chakula alianza kukikataa mvua za kwanza. Tulimzika kabla pamba haijatoa maua, na yule mtamba ndiye aliyechinjwa msibani.

Sehemu iliyonila mimi ni hii. Baba aliishi miaka mingi baadaye, na alimsifu yule nesi mpaka anakufa. Alikuwa anawaambia wageni, "Mgeni yule, lakini alikuwa na macho. Angeweza kula ng'ombe wangu akanyamaza. Alinionyesha ukweli." Na mimi nilikuwa nakaa pale pale, nawamiminia wageni chai.

Juzi, ile siku ya tano kule Mwanza, yule mwanamke aliniuliza nesi alisema nini hasa. Nikamwambia hakusema kitu, alimkataa ng'ombe tu. Akauliza tena, maneno yenyewe. Halafu nikajisikia nasema, si kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, lugha asiyoijua hata neno moja: "Baba, amesema mama tumlete Alhamisi. Ni bure."