Balozi Aliyepiga Simu Gorong'a

Mimi si mtu wa kusifu watu. Tangu shemeji zangu waninyang'anye shamba la marehemu mume wangu kule Matongo, sifa zimenikauka mdomoni. Lakini Bernadetha nitamsifu.

Ni balozi wetu wa nyumba kumi hapa Turwa, na ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Vyumba vingine wanakaa wanachuo waliokosa bweni. Sensa ya mwaka 2022 ilipokaribia, alipita mlango kwa mlango. "Wanangu, mtu anahesabiwa pale alipolala. Msiseme mtahesabiwa kwenu."

Wengi walikubali. Kijana mmoja, Magige, alikataa.

"Mama, mimi ni wa mji wa Mzee Waitara, Gorong'a. Baba atanitaja."

"Utakuwa umelala Gorong'a?"

"Hapana."

"Basi kule hawatakuandika, na hapa umejificha. Utakuwa hewa."

Vivian wa chumba cha pili akacheka. "Mwache, Mama. Anaogopa ng'ombe wake watagawanywa!"

Alitania, kumbe ndiyo hasa. Magige akatoa la moyoni: anakaa chumba peke yake, kwa hiyo ataandikwa mkuu wa kaya, na kaka zake watasema amejitenga, ameanzisha mji wake, boma lake mwenyewe. Na kwetu Wakurya, kijana akijitenga bila baraka ya baba, ng'ombe wa mahari hapati, shamba hapati.

Nilimwelewa. Nimeshaona ndugu wakitafuta sababu. Ingekuwa shauri langu, ningemwambia ajifungie ndani siku hiyo.

Bernadetha hakumcheka wala kumkaripia. Aliepua maharage, akafuta mikono kwenye khanga. "Nipe namba ya mzee."

Akaweka spika, sote tukasikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Bernadetha, balozi wa huku anakopanga Magige. Serikali inahesabu watu pale walipolala. Kijana anaogopa akihesabiwa kwangu mtasema amehama mji wako."

Magige alitazama chini.

"Huko chuoni wanamfundisha nini?" mzee akafoka. "Ng'ombe wangu akilala kwa jirani, amekuwa wa jirani? Mwambie ahesabiwe!"

Mimi ningeshukuru nikakata simu. Bernadetha akasema taratibu, "Asante, mzee. Naomba uwaite kaka zake, uwaambie hayo hayo nikisikia."

Tukamsikia mzee akiita, watu wakija, akirudia maneno yake kwa Kikurya kwa ukali. Mmoja baada ya mwingine wakaitikia. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mume wangu alipokuwa hai aliniahidi shamba lile tukiwa wawili tu chumbani, na hakuna aliyewahi kuwaita ndugu zake wasikie.

Asubuhi ya sensa karani alifika na kishikwambi chake. Bernadetha akamleta moja kwa moja mlangoni kwa Magige.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi!"

"Taratibu, mkuu," Vivian akamwambia kutoka mlangoni kwake, "umesikika hadi mpakani Sirari."