Kimya cha Maktaba

Jumanne nilitoka Kitale nikaenda maktaba moja ya Bungoma kusoma magazeti ya zamani. Kwenye kaunta, mkutubi aliyekuwa ametoka kwenye kongamano la kuhifadhi urithi wa wenyeji wa visiwani alikuwa akimsimulia mwenzake.

"Si unasikia hii?" alisema, akimsogezea simu. Ndani yake bibi mmoja wa kisiwani alikuwa akiimba. "Ni ya kubembeleza mtoto. Ati wazee wanaoijua wamebaki wachache sana. Tuliambiwa ukipata mzee anaimba, washa simu kwanza. Maswali ni ya baadaye."

Kando yangu alikaa mama mzee aliyeniambia ametoka Kapsokwony, kule mlimani, na kwamba ameingia kujikinga na mvua. Aliposikia ule wimbo alifumba macho. Mikono yake ikaanza kubembeza mtoto asiyekuwepo, naye akaimba wa kwao, polepole, kwa lugha ya mlimani.

Mkutubi hakuinua hata kichwa. Aligonga kaunta kwa kalamu, akaelekeza kidole kwenye bango la ukutani.

"Pole, mama. Hapa tunanyamaza."

"Nisamehe, madam," alisema yule mama. Akajifunga leso vizuri, akatoka.

Mwenzake wa kaunta ndiye aliyeuliza, "Kwani alikuwa anaimba nini?"

Mkutubi alitazama simu, akatazama mlango, akatoka mbio. Alirudi amelowa, simu bado mkononi.

Simlaumu. Bango hilo tumelitii sote tangu shuleni. Ila wimbo wa kisiwani sasa uko salama Bungoma, na wa Kapsokwony umeshapanda bodaboda.