Ng'ombe Ambao Hawakufika

Disebo alikuwa akikoroga sufuria la kabichi kwenye msiba wa watu wa mtaa wa juu, hapo mjini Phuthaditjhaba, Keneuwe alipoingia uani na simu mkononi, akawapita wanawake waliokuwa wakimenya maboga bila kuwaamkia. Haikuwa tabia yake. Disebo akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Wamenikataa, Mama."

"Chuo?"

"Chuo wamenichukua. Mfuko wa kusomesha wanafunzi ndio umekataa. Wanasema kipato cha wazazi wangu kimezidi kiwango chao."

Mwanamke mmoja akainua kisu hewani. "Disebo, kumbe tajiri wewe, na unatuchangisha chumvi?"

Wakacheka, na Disebo akacheka nao, kwa kuwa mpishi wa misiba hucheka wenzake wanapocheka. Aliishi kwa masufuria ya chama cha maziko, ambacho kilimwita yeye pale mtu alipofariki, na kumsahau watu walipokuwa wazima. Alijua vizuri kwamba aliyezidi kiwango si yeye.

Waliozidi ni wale walioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Baba: Tsietsi, kaka yake Disebo, mwalimu mkuu msaidizi wa sekondari. Mama: Mantsheuwa, mke wa Tsietsi, nesi wa hospitali. Jina la Disebo halikuwemo popote.

Hilo halikuwa siri ya mtu. Kwao mtoto ni wa ng'ombe. Mwanamume akileta ng'ombe wa mahari nyumbani kwa binti, watoto ni wake na jina ni lake. Ng'ombe wasipofika, mtoto hubaki kwa kina mama yake, na mjomba huwa baba. Kijana aliyempa Disebo mimba, wa mji jirani wa Bethlehem, alileta maneno matamu, kisha akamleta ami yake mmoja aliyenuka pombe, kisha hakuleta kitu. Baba yao kina Disebo alikuwa ameshafariki. Basi Tsietsi akachinja kondoo, akampa mtoto jina la bibi yao, akamchukua mkewe ambaye alikuwa bado bibi harusi, wakaenda kumwandikisha kuwa ni wao. Hakuna aliyeona uongo hapo. Kama ukoo mzima umesema mtoto ni wa Tsietsi, karani ni nani abishe?

Mtoto alinyonya kwa Disebo, akalala kwa Disebo, akaugua mgongoni mwa Disebo. Tsietsi alinunua viatu kila alipoweza, na wazazi walipoitwa shuleni ni yeye aliyekwenda, na koti lake la suti. Keneuwe alimwita Baba. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mashine ya mfuko ilipowauliza watu wa kodi juu ya mishahara ya mwalimu na nesi, ikaijumlisha, ikatoa jibu lake.

"Mshahara wangu unapita nyumbani kunisalimia tu, halafu unaelekea benki," Tsietsi alisema alipoambiwa. Wanawe wawili walikuwa shule za bweni, karo kwa mkopo. "Lakini usiogope, dada. Kukata rufaa kunaruhusiwa. Wanataka sisi wa kwenye cheti tukaape polisi kwamba hatukumzaa. Tutaapa."

Mwisho wa rufaa ulikuwa Ijumaa. Baada ya hapo nafasi ya Keneuwe ingepewa mtu mwingine aliyekuwa akiisubiri.

Disebo hakumwogopa kaka yake. Alimwogopa wifi yake. Njia nzima hadi kwake alikuwa akipanga maneno, na kila alipofika katikati yalimpotea.

"Wifi, nimekuja na mzigo."

"Utue kwanza tunywe chai." Mantsheuwa alimsikiliza mpaka mwisho, akipuliza kikombe chake. "Nilijua ipo siku serikali itaniuliza nilizaa lini. Nitasaini. Siku ile nilikuwa bibi harusi, nikiambiwa kaa nakaa."

"Wakisema mlidanganya, na nyinyi ni watumishi wa serikali?"

"Watanifunga na kaka yako? Basi waniwekee chumba changu. Anakoroma."

Disebo akarudi nyumbani mwepesi kidogo. Usingizi, hata hivyo, haukumjia.

Ijumaa wakaenda kituoni kwa gari la Tsietsi. Keneuwe akakaa kwenye benchi ukutani, simu mikononi. Konstebo alikuwa msichana mwenye sauti ya taratibu. Mantsheuwa akaandika mistari yake, akasaini, akasogea. Ikawa zamu ya Tsietsi.

"Andika hapa, mzee: mimi si baba wa mtoto huyu."

Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama. Konstebo akangoja. Tsietsi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Andika nimemtelekeza," alisema.

"Lakini si wewe uliyemleta na gari lako sasa hivi?"

"Andika hivyo hivyo. Baba aliyetelekeza bado ni baba."

"Safi," Mantsheuwa akasema. "Mwalimu aliyetupa mtoto. Wazazi watakuuliza hilo kwenye mkutano wa shule, na mimi nitakuwa sipo."

"Wewe umeshasaini, nyamaza."

"Nimesaini kwa sababu ni kweli, Tsietsi."

Disebo akaitazama saa ya ukutani. Ofisi ya mfuko ilikuwa karibu kufungwa, karatasi zilikuwa za kutumwa kwa simu, na mtandao pale chini ya mlima ulikuwa wa kubahatisha. Alitaka kumtikisa kaka yake kwa mabega. Alitaka pia kumshika mkono. Kwenye benchi Keneuwe alikuwa ameinamia viatu vyake, amesikia yote.

"Mzee, chagua," konstebo alisema. "Kiapo cha siku ya kumwandikisha na kiapo cha leo haviwezi kuwa vya kweli vyote."

"Nipe mimi karatasi," Disebo akasema.

"Wewe ni nani?"

Swali hilo hakuna afisa aliyewahi kumuuliza tangu Keneuwe azaliwe.

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Aliandika polepole, herufi zimenyooka kama za daftari la shule. Akatoa kadi ya kliniki, ile ya chanjo, ambayo manesi walijaza jina la aliyembeba mtoto bila kuuliza habari za ng'ombe. Konstebo akaigeuza.

"Inasaidia. Ila mtu wa kwenye cheti lazima aseme neno."

"Nitasema ninalolijua," Tsietsi akajibu. Akaandika kwamba Disebo ni dada yake wa tumbo moja. Kwamba mtoto huyu alitoka kwake na amelelewa mikononi mwake. Kwamba ng'ombe hawakufika. Na kwamba yeye Tsietsi ndiye aliyempa jina. Akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Konstebo akasoma, akafika kwenye ng'ombe, akainua macho. "Wale wa mfuko hawatalielewa hili."

"Ndio ukweli wenyewe."

"Sijakataa. Hata mimi natumia jina la mjomba wangu." Akagonga muhuri.

Keneuwe alipanda kilima cha nyuma ya kituo kutafuta mtandao, na karatasi zikaenda. Aliondoka kwenda chuoni kabla ya jibu, akawa analala sakafuni chumbani kwa rafiki, na kwa majuma mengi kila simu ilipolia Disebo alikaa chini kwanza ndipo akapokea.

Jibu lilipotoka, Keneuwe akalituma. Mfuko umekubali kumlipia mwaka huu. Kwa mwaka ujao cheti cha kuzaliwa kirekebishwe kwanza, majina ya wasio wazazi yaondolewe.

Disebo akampelekea kaka yake simu. Tsietsi akasoma, akarudia, akamrudishia.

"Mwaka ni mrefu," alisema, akaingia ndani.

Disebo alimjua. Angesema ofisi ina foleni, angesema shule ina mitihani, na Disebo ndiye angemfuata mwezi baada ya mwezi amwombe aende akajifute. Jioni, Disebo akiwa bado uani kwa kaka yake, Keneuwe akapiga.

"Baba amesoma? Amesemaje?"

Disebo akautazama mlango wa kaka yake. Ulikuwa umefungwa.

"Amesema usome," akamwambia.