Kiganja Juu ya Kompyuta

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kibokoni huweka kiganja juu ya mashine, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha huuliza taratibu, "Umeitia nini?" Siku moja ya mwaka tisini na tisa, mwalimu kijana Mung'aro alijibu kwa haya. Alikuwa ameweka programu inayojifanya kidude cha kusomea CD, na sasa kompyuta ilikikana kile cha kweli. Barazani wasichana walioachishwa shule walingoja somo lake la kwanza, lililokuwa ndani ya CD. Wakirudi bure, baba zao hawatawaruhusu tena.

"Umeleta mke wa pili kimya kimya, mwanangu," fundi alisema, akikunja mikono ya buibui. "Draiva zao, zile programu za kuviendesha, zinagombana, na mke mkubwa amenuna."

Akaiondoa ile programu, akanong'ona bismillahi, akawasha. CD ikazunguka. Mung'aro akaruka kwa furaha, fundi akaizima kompyuta.

"Mama, mbona waizima tena?"

"Mara moja yaweza kuwa bahati."

Akawasha upya, kiganja palepale. CD ikavuma, somo likafunguka, na hapo tu kiganja kikainuka.

"Haya wanangu," fundi aliwaita wasichana barazani, "ingieni."