Jinsi nilivyomchagulia mdogo wangu tairi za theluji nikiwa Bunia, kwa msaada wa friza ya samaki

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, nacheka na komenti zenu halafu naendelea na kazi zangu. Leo naomba nafasi niwasimulie jambo lililotokea kwetu. Nitalisema lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Niko Bunia, Ituri, huku Kongo, kwa hiyo Kifaransa kikijipenyeza katikati mnivumilie.

Mada ni tairi za theluji.

Ndiyo, najua. Mtu wa Bunia na theluji wapi na wapi? Barafu ninayoijua mimi ni ile ya kupoza soda. Subirini kwanza.

Mimi ni dereva. Nina camionnette, nabeba maharagwe na mihogo kutoka Marabo kuleta Bunia. Mvua ikinyesha, barabara ile inageuka uji, na dereva wa huku hajivunii speed, anajivunia kufika. Ndiyo maana sisi tunaweza kukaa nusu siku tunabishania tairi bila kuchoka.

Nina mdogo wangu anaitwa Claudine. Nilimfundisha kuendesha mimi mwenyewe, kwenye barabara hiyo hiyo. Sisi ni watu wa Djugu, tulikimbilia Bunia wakati vijiji vyetu vilipochomwa. Baadaye Claudine alivuka Uganda na watoto wake wawili, wakakaa kule miaka, mwishowe wakapokelewa Kanada. Mume wake bado yuko Kampala anasubiri karatasi. Kwa hiyo kule ugenini Claudine ndiye baba, ndiye mama, ndiye shofere.

Baridi ya mwaka jana ilimtisha vibaya. Alikuwa anawatoa watoto shule, akakaribia taa nyekundu, akakanyaga breki, gari ikaendelea kama haijasikia. Ikavuka barabara yote na kujichomeka kwenye rundo la theluji upande wa pili. Mungu ni mwema, hakuna gari lililokuwa linapita. Lakini mtoto mdogo alilia mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo aliegesha gari, akarudi kwenye basi.

Sasa mwaka huu akapata kazi aliyoisomea, kutunza wazee kwenye nyumba yao maalum. Kazi ya kudumu, saa zake zinaendana na shule ya watoto. Shida ikawa moja tu: ile nyumba iko nje ya mji, basi haifiki. Bila gari hakuna kazi. Walitaka jibu lake, na theluji ilikuwa njiani.

Akatupigia video jioni, kwao ilikuwa asubuhi. Tukaegemeza simu kwenye ndoo, mama akakaa mbele kabisa kama kawaida yake.

"Yaya, ile kazi nitaikatala," Claudine akaniambia; yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa. "Miye niko naogopa. Nikiona tu ile neige, mikono inatetemeka."

Mama hakumjibu yeye. Akanigeukia mimi.

"Weye ndjo ulimufundisha," akasema. "Basi umuchagulie pneu. Asiende na pneu ya mutu asiyemujua."

Hapa niwaeleze. Kwetu aliyekufundisha kuendesha ana sauti juu ya gari lako, hata ukiwa umezeeka. Hununui tairi bila yeye kuziona na kusema sawa. Ni heshima, lakini pia ni mzigo, maana ukianguka, watu wanakuja kumuuliza yeye kwanza. Sasa mimi nilikuwa napewa mzigo wa barabara ambayo sijawahi hata kuiota.

Nikajibu kwa kifua: "Nitumie photo."

Kesho yake akaenda duka la tairi, akanitumia picha za aina tatu. Nikazipeleka kwa quado wangu, yaani fundi anayeziba na kuuza tairi kando ya barabara. Pale madereva hawakosekani, na hakuna dereva wa Bunia anayeombwa ushauri akakosa la kusema. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mmoja akaikuza picha, akaitazama kwa jicho moja, utafikiri daktari anasoma radio ya kifua, yaani eksirei.

Wakuu, tulikubaliana wote bila hata ubishi, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Tukachagua ile pana kuliko zote, ngumu, yenye meno makubwa ya kutafuna matope. Huku ndivyo tunavyochagua. Unabonyeza mpira kwa ukucha, ukucha ukiingia unaiacha tairi hapo hapo, kwa sababu mawe yataimaliza kabla ya mavuno. Halafu nikamwambia anunue mbili tu, azifunge mbele kunakovuta, nyuma aache zile za zamani. Huku nani ananunua nne kwa mpigo? Na mwisho nikamwambia apunguze upepo kidogo, kama tunavyofanya tukiingia kwenye tope.

Claudine akasema sawa yaya. Nikajisikia mtu.

Jioni ikaja voice yake nyingine, ya sauti ya chini, ile ya mtu ambaye hataki kukuvunjia heshima.

"Yaya, usikasirike. Huyu mutu wa magasin anasema ile pneu ya nguvu, baridi ikiingia inakauka kama ubao. Anasema nichukue ile ya kulegea. Miye sijui nifuate nani. Weye sema."

Nikacheka. Muuza duka, nikasema moyoni, anataka auze kitu kinachoisha haraka ili arudi tena. Wajanja wako kila nchi.

Lakini sikulala vizuri. Nilikuwa namwona yule mtoto analia. Kama niko sawa, dada yangu anapata kazi. Kama nimekosea, ni mimi niliyemwambia aendeshe.

Asubuhi nikarudi kwa quado. Pale kwake kulikuwa na tairi moja tunayoikalia kama kiti. Ilikuja na occasion za Ulaya, zile tairi zilizotumika zinazopitia Uganda. Haikupata mnunuzi. Mpira wake ni laini, na uso wote umechanjwa chanjwa vimistari vyembamba, kama mtu alipita na wembe. Ubavuni ina mchoro wa mlima, na ndani ya mlima kuna kitu kama ua.

Nikaitazama ile picha ya tairi "ya kulegea" aliyonitumia Claudine. Mlima ule ule. Ua lile lile.

Hilo si ua, wakuu. Ni chembe ya theluji. Tulikuwa tunakalia tairi ya theluji siku zote tukimwambia Claudine asiinunue.

Hata hivyo sikutaka kuamini duka wala mchoro. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Lakini baridi ya Kanada utaipata wapi Bunia?

Nikamkumbuka Mama Bahati. Huyu mama ana chambre froide, anauza samaki wa barafu karibu na soko. Friza zake zinagandisha mpaka samaki ukimgonga mezani analia kama jiwe. Quado akanikatia kipande cha ile tairi ya kukalia, na kipande cha tairi ngumu ya matope, vyote vya kujaa kiganja. Nikavifunga kwenye mfuko, nikaenda.

Mama Bahati akanitazama, akautazama mfuko.

"Sasa unataka niuzie watu pneu ya kukaanga?" akauliza.

Nikamweleza habari ya Claudine tangu mwanzo. Kumbe na yeye ana mtoto wa kiume Norvège, kule Ulaya kwenye baridi, ambaye hajamwona tangu alipoondoka. Akasogeza makarton ya samaki mwenyewe, akaweka vipande vyangu chini kabisa, pale panapogandisha zaidi.

"Uje kesho," akasema. "Na usiambie watu. Watasema samaki yangu inanuka pneu."

Kesho yake tukafungua friza pamoja. Nikachukua kile kipande kigumu, kile nilichokuwa nakiona cha kiume. Nikajaribu kukikunja. Hakikukunjika. Nikakigonga kwenye ukingo wa friza, kikatoa mlio wa ubao. Chini ya friza kulikuwa na tabaka la barafu, nikakibonyeza hapo na kukisukuma. Kikaenda chenyewe kama sabuni kwenye sakafu yenye maji.

Nikachukua cha pili, cha ile tairi tunayoidharau. Kilikuwa cha baridi vile vile, vidole viliniuma. Lakini kilikunjika. Nikakibonyeza kwenye barafu, nikasukuma. Vile vimistari vya wembe vikafunguka, vikashika. Kikagoma.

Nikasukuma tena. Kikagoma tena.

Mama Bahati akaninyang'anya akajaribu mwenyewe, akaangalia mkono wake, akasema taratibu, "Iko inauma barafu." Nilijiona kama mtu aliyeshuka kwenye gari halafu akaliona linatumbukia. Kama ningemjibu jioni ile anifuate mimi, Claudine angekuwa tayari amefunga zile mbao zangu.

Tukarekodi video pale pale, mkono wangu, vipande viwili na mkia wa samaki pembeni. Nikamtumia Claudine na maneno machache: fuata yule mtu wa duka, mimi nilikuchagulia ya Marabo.

Alicheka sana kwenye voice yake. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lilinionyesha kwamba bado ni dereva.

"Na hizi za nyuma? Unakumbuka ku Marabo, siku ile matako ya gari ilitaka kututangulia? Nikifunga za neige mbele tu, mbele itashika, nyuma itakimbia."

Kweli tupu. Siku ile tulizunguka kwenye matope mpaka tukawa tunaangalia tulikotoka. Nikamwambia zifungwe nne, zote za aina moja. Kuhusu upana, duka walimshauri zile nyembamba kidogo, kwa sababu zinakata theluji na kugusa chini, wakati pana inapanda juu yake. Na upepo asipunguze kabisa, baridi yenyewe inaupunguza, kazi yake ni kupima na kuongeza. Yaani kila nilichomwambia mara ya kwanza kiligeuzwa juu chini.

Akaipokea kazi. Kabla ya theluji kuanguka akafungiwa tairi zote nne, na mama akadai aonyeshwe. Claudine akatembeza simu gurudumu moja baada ya jingine, akaweka mkono juu ya kila moja, na mama akaombea kila moja kwa zamu yake. Ya nyuma kushoto aliiombea kwa muda mrefu kidogo. Sikumuuliza kwa nini.

Theluji ikaanguka.

Nikamwambia asiingie barabarani kwanza. Atafute uwanja mtupu, aende polepole, apige breki kwa makusudi, alijue gari lake upya. Akawaacha watoto kwa jirani, akaenda kwenye parking ya duka ambalo bado halijafunguliwa. Simu akaibandika mbele. Sisi huku tuliona weupe tu na mikono yake miwili kwenye usukani. Ilikuwa inatetemeka kweli.

"Songa," nikamwambia. "Polepole, kama unapita juu ya mayai. Sasa breki."

Gari likasimama.

Claudine akasonga tena, akapiga breki tena. Likateleza kidogo, halafu likasimama. Alirudia mara nyingi mpaka mama akaanza kusinzia. Mwishowe nikaona mikono imetulia. Akasema, "Yaya, iko inanisikia." Mimi nikajifanya naangalia kitu nje, maana machozi yalikuwa yamefika.

Siku ya kwanza ya kazi theluji ilianguka usiku kucha kwao. Mama hakutaka kula mpaka apate habari. Tulikaa na simu katikati yetu kama tunaota moto. Ikalia. Voice fupi tu:

"Mama, nimefika."

Sisi ambao tumeshakimbia tunalijua neno hilo. Tulilisubiri kwa ndugu wengi barabarani, na kwa wengine halikuja. Mama aliisikiliza ile voice tena na tena, halafu akaomba chakula.

Nilichojifunza ni hiki. Ujuzi wangu wa Marabo ni wa kweli, lakini ni wa Marabo. Tairi inachaguliwa na ardhi itakayoikanyaga, na asiyeishi pale inabidi aulize, ajaribu, halafu akubali. Kwa mwenye ndugu kwenye baridi, mwambie atafute mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Zile herufi M+S za ubavuni, yaani matope na theluji, peke yake zisimdanganye, hata tairi za kawaida huwa nazo. Afunge nne. Na azifunge kabla theluji haijaanguka.

Sasa nyinyi mlioko Norvège, Finlande, Kanada na kwingineko, naomba msaada. Claudine anasema kuna barafu nyembamba isiyoonekana, barabara inaonekana imelowa maji tu kumbe ni kioo, na hapo hata tairi nzuri inapata shida. Mnaitambuaje? Mnafanya nini mkishaingia juu yake?

Andikeni kwa maneno mepesi, wakuu. Kila jibu nitamsomea mama kwa sauti, na yeye ndiye atakayempigia Claudine.